"Nipo Tu": Kusubiri Ajira kama Tatizo la Usimulizi katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Kuitazama kutoka Igowole

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna riwaya ya Kiswahili inavyomsawiri mtu aliyekaa muda mrefu bila ajira. Hoja yake kuu ni kwamba riwaya imejengewa mazoea ya umbo la safari: mhusika hutoka kijijini, huangukia mjini, kisha hurejea shambani. Umbo hilo linashindwa kusimulia jambo lililo zito zaidi katika maisha ya mhitimu wa leo asiye na ajira, nalo ni kusubiri. Riwaya tano zinasomwa upya kwa kuzitazama kutoka Igowole, mji mdogo wa Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ambako shamba na kibarua vipo mlangoni na bado mtu huhesabiwa kuwa hana kazi. Makala inaonesha kwamba mazungumzo ya kila siku, kwa viambishi na vielezi vyake, yameieleza hali hiyo kwa undani kuliko riwaya, na kwamba uhakiki wa darasani umekuwa ukiificha. Mwishoni inapendekezwa namna nyingine ya kuusoma mwisho wa riwaya hizo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 2014, zaidi ya waombaji 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 katika Idara ya Uhamiaji. Picha za vijana waliojaa kwenye viti vya mashabiki, kila mmoja na karatasi zake, zilienea haraka na kuzua mjadala. Tukio hilo lilionekana kwa sababu lilikuwa tukio: lilikuwa na siku, mahali, umati na idadi. Lililofuata halikupigwa picha. Umati ulitawanyika, kila mwombaji akarudi alikotoka, na maisha ya kungojea jibu yakaendelea katika maelfu ya nyumba, kila moja kwa ukimya wake.

Tofauti hiyo kati ya tukio na kungojea ndiyo msingi wa makala hii. Fasihi simulizi na andishi hutegemea matukio. Msuko huenda mbele kwa sababu jambo fulani limetokea na kusababisha jingine. Mtu anayetafuta ajira kwa miaka minne au mitano anaishi katika hali ambayo kasoro yake ni hiyo hasa: halitokei jambo. Barua zinatumwa, usaili unafanyika mara chache, majina yanatoka na lake halimo, mwaka unageuka. Swali linaloulizwa hapa ni la kiuhakiki: je, riwaya ya Kiswahili, ambayo tangu mwanzo imejishughulisha na maisha ya wanyonge, ina umbo la kuisimulia hali hiyo?

Igowole imechaguliwa kwa sababu inavuruga jozi ambayo wahakiki wameizoea, ya kijiji na mji. Mji huu mdogo uko kwenye barabara inayoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya pale Nyololo na kuelekea Kibao na Mtwango. Umezungukwa na uchumi wa ujira: mashamba makubwa ya chai, msitu wa kupandwa wa Sao Hill, biashara ya mbao, na huko Mgololo kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1980. Wakazi wanalima mahindi, viazi na njegere, na wengi wamepanda misindano na milingoti yao wenyewe. Mtu akisimama Igowole na kuzisoma riwaya zinazowaambia vijana warudi kijijini, ushauri huo unamfikia akiwa tayari yuko kijijini.

2.0 Kazi, Ajira na Karatasi

Kabla ya kuzifikia riwaya, ni vema kuyachunguza maneno yenyewe. Kiswahili kinatenganisha kazi na ajira, na pengo lililo kati ya maneno hayo mawili ndiyo makazi ya mhitimu asiye na ajira. Kazi ni neno pana la Kibantu: kulima ni kazi, kulea ni kazi, hata msiba una kazi zake. Ajira, lenye asili ya Kiarabu, linabeba ujira ndani yake. Linadai pande mbili, mwajiri na mwajiriwa, pamoja na malipo yanayopita kati yao. Hata hivyo, katika usemi wa kawaida, swali "Umepata kazi?" lina maana ya ajira. Kijana wa Igowole aliyeamka alfajiri kupalilia viazi, akabeba mbao mchana na jioni akachunga ng'ombe wa babake, atajibu bila kusita kwamba hana kazi, na hakuna atakayemwona mwongo.

Tofauti hii ina historia. Serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam iliwaita wahuni vijana wasio na ajira rasmi na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Baada ya uhuru lugha ilibadilika, lakini mashaka dhidi ya mtu huyo yalibaki: Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwafanya wale walioitwa wazururaji kuwa watu wa kuondolewa mjini na kupelekwa kwenye uzalishaji. Katika vipindi vyote viwili, asiye na ajira alipewa jina la kosa. Hadi leo Kiswahili hakina nomino moja iliyozoeleka ya kumtaja bila kumhukumu. Anaitwa kwa ukanushi, "asiye na kazi", au kwa kitendo ambacho hakijazaa matunda, "mtafuta ajira".

Upande wa pili wa historia hiyo ni karatasi. Neno kibarua, ambalo sasa lina maana ya kazi ya kutwa na pia ya mtu anayeifanya, limetokana na barua: cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa siku. Mfumo wa kipande uliihesabu siku ya kazi kwa alama kwenye kadi. Watu wa Nyanda za Juu Kusini waliochukuliwa kwenda mashamba ya mkonge walijulikana kama manamba, jina lililotokana na namba. Katika usemi wa miaka ya karibuni limeongezeka neno kimemo, yaani ujumbe mfupi wa mkubwa fulani unaomfungulia mtu mlango. Hivyo mtafuta ajira anaandika barua, anapata kibarua, na anasikia kwamba mwenzake alipita kwa kimemo. Ngeli ya KI-VI katika maneno haya mawili inaashiria udogo wa karatasi, lakini karatasi iliyo ndogo ndiyo inayofanya kazi. Barua yenyewe, iliyo kubwa na rasmi, mara nyingi haipati hata jibu.

3.0 Riwaya ya Safari na Marejeo

Utanzu wa riwaya umeyaingiza mambo haya katika msuko kwa namna ambayo imekuwa kama desturi. Mfano wa awali ulio bora ni Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert. Utubora anaiacha ajira nzuri kwa tajiri Ahmed, ambaye hataki kumpoteza, na kwenda kuishi kwa kilimo huko Busutamu. Riwaya inalitukuza jembe kwa ufasaha, na ni haki kuliona hilo kama jibu la kimaadili kwa utumwa wa mshahara. Lakini sharti linalofanya jibu hilo liwezekane halipaswi kupuuzwa: Utubora anaacha kazi ambayo anayo. Kurudi kwake shambani ni tendo la hiari, na hiari ndiyo inayokipa kilimo chake heshima. Mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa hawezi kuukataa mshahara, kwa maana hakuna aliyempa. Msomaji akimweka Utubora mbele ya mhitimu wa Igowole kama kielelezo, atakuwa anamtaka mhitimu huyo aige uamuzi ambao hakuwahi kupewa nafasi ya kuufanya.

Shida (1975) ya Ndyanao Balisidya inasogea karibu zaidi na tatizo. Chonya na Matika wanakwenda Dar es Salaam, na mji hauwapi walichokifuata. Ubora wa riwaya hii umo katika jinsi inavyokataa kuyapamba maisha ya jiji, na katika kumpa mwanamke sehemu yake kamili ya dhiki hiyo. Hata hivyo, nayo inawarudisha wahusika kijijini, na kijiji hicho ni cha wakati wa ujamaa, chenye ahadi ya ardhi, jamii na kazi ya pamoja. Ahadi hiyo ya kihistoria ndiyo iliyobeba uzito wa mwisho wa riwaya. Ikiondolewa, marejeo yanabaki kuwa nauli ya kurudi tu.

Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi ina mantiki tofauti. Wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wananyonywa, lakini wana mahali pa kazi panapowakutanisha, mwajiri anayejulikana, na kwa hiyo wana uwezo wa kugoma. Riwaya inaelekea kwenye mgomo wa 1948. Dhuluma yao ina uso. Asiye na ajira hana lango la kulizuia wala zana ya kuiweka chini. Akigoma kutafuta kazi, hakuna anayeathirika isipokuwa yeye. Nguvu ya riwaya ya kitabaka, ambayo inatokana na kuwakutanisha watu katika uzalishaji, haimfikii mtu ambaye mateso yake ni kuachwa nje ya uzalishaji huo.

Imebaki Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, na hapa uhakiki una deni. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni, anaingia katika riwaya kama mtu anayekwenda kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya kutafuta kazi. Mkuu huyo ni Manase, mtu anayemfahamu, na uhusiano wao tayari una doa kubwa kutokana na yaliyompata dada yake Kazimoto. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa nadharia ya udhanaishi: upweke, upuuzi wa maisha na hatimaye kujiua kwa mhusika. Usomaji huo una mashiko, lakini umeiruka hali inayoifungua riwaya. Kabla Kazimoto hajawa mwanafalsafa wa ubwege wa dunia, ni mwombaji mbele ya mlango wa mtu aliyemzidi cheo. Jina lake lenyewe limeanza na neno kazi. Inawezekana kabisa kwamba swali la iwapo maisha yana maana limetanguliwa, katika msuko na katika nafsi ya mhusika, na swali dogo la iwapo mwenye ofisi atamwita ndani. Kezilahabi aliiona hali ya kungojea. Kisha riwaya yake ikaipita na kuelekea kwenye mauti, kwa sababu mauti ni tukio na kungojea si tukio.

4.0 Mji Usio na Pa Kwenda wala Pa Kurudi

Mikhail Bakhtin alieleza kwamba kila umbo la riwaya lina namna yake ya kuunganisha wakati na mahali, muungano alioupa jina la kronotopu. Barabara ni kronotopu ya matukio: watu hukutana, hupotezana, hubadilika. Kinyume chake ni mji mdogo wa mkoani, ambao Bakhtin aliuona katika riwaya za Flaubert, ambamo wakati hauendi mbele ila huzunguka. Siku inarudia siku, na mambo hukaa bila kuzaa matukio. Riwaya za Kiswahili zilizotajwa hapo juu ni za barabara. Hata zinapofika kijijini, zinafika kama watu wanaofika mwisho wa safari, na ukurasa unafungwa. Siku ya pili baada ya kurejea haisimuliwi.

Igowole ni mahali pa siku hiyo ya pili. Anayerudi hapo na cheti chake hapokewi na ardhi tupu inayongoja jembe. Anakuta soko la kazi lililoundwa zamani, lenye vipimo vyake: uchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, upandaji wa miche kwa idadi, upakiaji wa mbao kwa gari. Anakuta pia shamba la familia ambalo lina wenyewe, na miti ambayo, hata kama ni yake, itakomaa baada ya miaka mingi. Msindano una subira kuliko mtu. Kumwambia arudi kwenye ardhi ni kumpeleka mahali ambapo swali la ajira limemtangulia.

Mtazamo huu unageuza pia namna ya kuwatazama wanaoondoka. Mkoa wa Iringa umejulikana kwa muda mrefu kama chimbuko la wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za Dar es Salaam. Katika jamii hiyohiyo ambamo mhitimu wa kiume anahesabiwa kuwa hana kazi, dada yake aliyeishia darasa la saba huenda ana kazi kutwa na usiku, ingawa mara nyingi haina mkataba unaostahili kuitwa ajira. Watoto wa Mama N'tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo imeigusa jozi hii kwa mkato unaofaa: mama anajulikana kwa jina la kazi yake ya kupika na kuuza chakula, ilhali mumewe, Mzee Lomolomo, anajulikana kwa ulevi. Mwanamke amepewa jina na kazi ambayo takwimu rasmi huiona kwa shida, na mwanamume anatawaliwa na muda asioweza kuujaza.

Jambo hilo halikuanzia Afrika ya Mashariki. Utafiti wa Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel katika kijiji cha Marienthal, Austria, uliochapishwa mwaka 1933 baada ya kiwanda cha nguo cha hapo kufungwa, ulionesha kwamba wanaume wasio na ajira walitembea polepole zaidi kuliko wanawake na kusimama njiani mara nyingi zaidi. Walipotakiwa kueleza walivyoitumia siku, walikosa cha kutaja. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda, waliendelea kuwa na ratiba. Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo hayo ni ya usimulizi: mtu aliyenyimwa ajira alikuwa amenyimwa pia uwezo wa kuisimulia siku yake.

5.0 Sarufi ya Kusubiri

Ikiwa riwaya imekosa umbo, lugha ya mazungumzo imelipata. Chukua swali la kawaida ambalo mhitimu huulizwa na jamaa au mwalimu wake wa zamani. Salamu inaweza kuanza kwa "kamwene" ya Kihehe, lakini likifika suala la ajira mazungumzo huelekea kwenye Kiswahili: "Uko wapi siku hizi?" Swali hili halitafuti mahali, kwani mwulizaji anamwona aliyesimama mbele yake. Linatafuta taasisi. Jibu linalotarajiwa ni la aina ya "Niko halmashauri" au "Niko Mgololo". Asiye na taasisi hujibu: "Nipo tu."

Jibu hilo linastahili uchambuzi. Swali limetumia kirejeshi cha mahali -ko, chenye kuashiria mahali pasipo dhahiri, na kinachodai kujazwa. Jibu linahamia kwenye -po, cha mahali mahususi, lakini halitaji mahali popote. Kwa kufanya hivyo, kiambishi cha mahali kinapoteza mahali na kubakiwa na maana ya kuwapo pekee: msemaji yu hai, anaonekana, hajaangamia. Kisha chembe "tu" inaweka mpaka: hakuna zaidi ya hapo. Uradidi wa "niponipo tu" unaongeza wakati. Kuwapo kumekuwa kwa kurudiarudia, bila mwelekeo. Kwa silabi chache, msemaji amelijibu swali, amekwepa aibu, na ameeleza hali ambayo riwaya nzima haikuieleza.

Jibu la pili ni "Bado". Mtu akiulizwa "Umepata kazi?", ana njia tatu za kukanusha. "Sina" ni hali isiyo na wakati. "Sikupata" hulifunga jambo katika wakati uliopita: nafasi ilikuwapo, ikapita. "Sijapata" hubeba kiambishi -ja-, ambacho hukanusha tendo hadi sasa na kuliacha mlango wazi. Watafuta ajira huchagua umbo hili la tatu, au "bado" peke yake, hata baada ya miaka ambayo ingehalalisha "sikupata". Uchaguzi huo ni mbinu ya kustahimili iliyofumbatwa katika sarufi. Anayesema "sijapata" anakataa kuruhusu miaka yake iitwe kushindwa. Lakini -ja- ina gharama. Inamfunga msemaji katika tarajio, kwa sababu kuliacha umbo hilo na kutumia "sikupata" ni kukiri mbele ya wazazi waliouza miti yao kulipia ada kwamba safari imekwisha.

Usemi wa tatu ni "mtaani". Mhitimu husema yuko mtaani hata akiwa kijijini. Katika mfumo wa serikali za mitaa wa Tanzania Bara, mtaa ni eneo la mji, na kijiji hugawanywa katika vitongoji. Kwa hiyo wengi wa wanaosema wako mtaani hawana mtaa. Neno limekoma kutaja eneo na limekuwa jina la kipindi cha maisha kinachoanza baada ya chuo na kisichojulikana mwisho wake. Hii ni kronotopu kamili, iliyoundwa na wazungumzaji wenyewe: mahali ambapo kwa hakika ni wakati.

Pamoja na semi hizi kuna utanzu andishi ambao wahakiki hawajauchukulia kama utanzu: barua ya maombi ya kazi. Hufundishwa shuleni pamoja na barua nyingine rasmi, ina anwani mbili, kichwa cha habari, utambulisho, sifa na tumaini la kujibiwa. Kimsingi ni tawasifu fupi. Mwandishi anasimulia alizaliwa lini, alisoma wapi, alihitimu mwaka gani, kisha simulizi inakatika, kwa sababu miaka iliyofuata haina safu ya kuiandikia. Barua inayofuata hurudia simulizi ileile kwa tarehe mpya na mpokeaji mpya. Hata baada ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kuanzisha mfumo wa maombi kwa njia ya intaneti, umbo hilo halijabadilika. Limehama kutoka bahasha ya kaki kwenda kwenye kioo cha simu. Mtu aliyeandika barua 40 ameandika sura moja mara 40. Uhakiki unaojali maisha ya maandishi katika jamii hauna sababu ya kuupuuza utanzu huu.

6.0 Kujiajiri, Methali na Uhakiki wa Darasani

Neno ambalo linatolewa kama tiba ya hali hii ni kujiajiri. Kimofolojia lina mgogoro. Kitenzi ajiri kina mtenda na mtendwa, na kati yao kuna ujira unaotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kirejeshi -ji- kinawafanya wote wawili kuwa mtu mmoja, na swali la nani anamlipa nani linabaki bila jibu. Linafaa kulinganishwa na kujitegemea, neno kuu la mwaka 1967. Katika Azimio la Arusha anayejitegemea alikuwa kwanza taifa, kisha kijiji na mtu ndani yake. Katika kujiajiri mtenda amepunguzwa hadi mtu binafsi, na wajibu wa kutengeneza nafasi za kazi umehamia kwa yule aliyekuwa anaitafuta. Kiambishi hakikubadilika, jamii iliyokuwa nyuma yake imeondoka.

Methali hutumika kuupa mwito huo sauti ya wahenga. "Mchagua jembe si mkulima" huambiwa anayesita kuchukua kibarua cha chai. "Subira huvuta heri" na "Mvumilivu hula mbivu" huambiwa anayelalamika. Lakini hazina ya methali haina upande mmoja. Ipo pia "Ngoja ngoja huumiza matumbo", ambayo inakijua kile ambacho ushauri wa subira unakiacha: kungojea kunafanyika katika mwili unaohitaji kula. Ipo "Mkono mtupu haulambwi", inayoeleza kwa nini kimemo kina nguvu kuliko barua. Methali hizi zikisomwa pamoja, zinaonesha mabishano ndani ya utamaduni wenyewe kuhusu thamani ya subira. Zikinukuliwa moja moja kama ushauri, zinanyamazisha upande mmoja wa mabishano hayo.

Hapa ndipo uhakiki wenyewe unapopaswa kuwajibishwa. Katika ufundishaji wa fasihi, riwaya huchambuliwa kwa kutafuta dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mwanafunzi anayekabiliana na Shida au riwaya inayofanana nayo anajua kwamba jibu salama ni kuandika kuwa vijana waache kukimbilia mijini, warudi kulima, wajiajiri. Anaandika hivyo, anapata alama, anaendelea hadi chuo kikuu, na baada ya mahafali anarudi Igowole. Somo alilolifaulu sasa linamtaja yeye kama mkosaji. Kwa kuchukulia mwisho wa riwaya kuwa suluhisho, uhakiki umemfundisha kijana kuisoma hali yake kama upungufu wa tabia. Walimu wa fasihi wanaweza kudai kwamba hawaundi ajira, na ni kweli. Lakini wanaunda namna ya kusoma, na namna hiyo ya kusoma huondoka na mhitimu pamoja na cheti.

Inaweza kupingwa kwamba waandishi wa miaka ya 1960 na 1970 waliandika katika wakati wao, na kwamba kuwadai wasimulie hali ya karne ya 21 ni kuwaonea. Pingamizi hili lina haki kwa waandishi. Wakati huo wahitimu wachache waliokuwapo walipangiwa kazi na serikali, na marejeo ya kijijini yalikuwa na mradi wa kitaifa nyuma yake. Kwa sababu hiyohiyo, hata hivyo, pingamizi linamlemea mhakiki wa leo. Ikiwa mwisho wa Shida ulitegemea ahadi ya kihistoria, kuufundisha kama ukweli wa nyakati zote baada ya ahadi kutoweka ni kuisoma riwaya vibaya. Kuiheshimu historia ya matini kunadai kusema wazi kwamba mwisho huo umepitwa na kilichoushikilia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha kwamba ukosefu wa ajira wa muda mrefu ni tatizo la usimulizi pamoja na kuwa tatizo la uchumi. Riwaya ya safari na marejeo, pamoja na ubora wake, inaishia pale ambapo maisha ya msubiri yanaanzia. Dalili za umbo jingine zimo tayari: katika hali inayoifungua Kichwamaji, katika jina la Mama N'tilie, katika barua inayorudiwa, katika -ja- ya "sijapata" na katika "tu" ya "nipo tu".

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hoja hii. La kwanza ni la usomaji: sehemu za kungojea katika riwaya zilizopo, foleni, mabaraza ya ofisi na siku zisizo na jambo, zisomwe kama sehemu zenye maana badala ya kuchukuliwa kuwa utangulizi wa matukio. La pili ni la ufundishaji: swali la mtihani lisiishie kumtaka mwanafunzi ataje suluhisho analolitoa mwandishi, limtake pia aoneshe suluhisho hilo lilisimama juu ya nini, na kama kitu hicho kipo bado. Mwanafunzi aliyewahi kujibu swali la namna hiyo, akiulizwa siku moja pale stendi ya Igowole yuko wapi siku hizi, huenda akajibu kama wenzake wote kwamba yupo tu. Lakini hatadhani kwamba jibu hilo ni ungamo la kosa lake.